Jinsi ya kukomesha matangazo ya barua pepe usiyoyaomba kwa kutumia sheria

Sheria za matangazo ya barua pepe zina meno, ila humng'ata tu mtumaji anayejulikana. Tapeli aliyejificha hazimshughulishi. Ndiyo maana kazi huanza na kuchambua.

1. Mtambue mtumaji. Kampuni halali huweka jina lake, anwani ya mahali ilipo na kiungo cha kujiondoa. Kama hakuna hata kimoja, usibonyeze kitu. Ukibonyeza, tapeli anajua kuna mtu anasoma. Ripoti kama barua taka, basi.

2. Hifadhi ushahidi kwanza. Wengi hupiga picha ya skrini wakadhani wamemaliza. Picha haionyeshi ujumbe umetoka wapi. Kwenye Gmail, bonyeza vitone vitatu juu ya ujumbe, fungua ujumbe halisi ("Show original"), kisha upakue faili lake. Ndani tafuta mstari wa "Authentication-Results". Ukikuta "dkim=pass" (sahihi ya kidijitali ya mtumaji imethibitishwa) pamoja na kikoa cha kampuni yenyewe, yaani jina linalofuata alama ya @, itawawia vigumu kudai kwamba kuna mtu alitumia jina lao. Mistari ya "Received", inayoonyesha njia ambayo ujumbe umepitia, husomwa kutoka chini kwenda juu, lakini ile ya chini inaweza kughushiwa. Unaoaminika ni ule ulioongezwa na mtoa huduma wako.

3. Jiondoe, uandike tarehe. Sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya 2003 humpa mtumaji siku 10 za kazi kutekeleza ombi lako. Australia ni siku 5 za kazi. CAN-SPAM pia inakataza kukutoza ada au kukudai taarifa zaidi ya anwani yako ya barua pepe, kwa hiyo ukurasa unaokutaka uingie kwa nenosiri kwanza ili ujiondoe ni wa kutiliwa shaka.

4. Wakiendelea, andika pingamizi. Fupi tu:

"Napinga taarifa zangu kutumika kwa matangazo. Acheni kutuma kwenye anwani hii. Nielezeni pia mliipata wapi."

Katika Umoja wa Ulaya, kifungu cha 21 cha GDPR, sheria yao ya ulinzi wa data, kinakupa haki hiyo bila kutoa sababu. Kenya, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hudai idhini yako ya wazi, au ruhusa ya sheria, kabla ya taarifa zako kutumika kibiashara.

Usikimbilie kudai wafute kila kitu. Wakifuta anwani yako kabisa, siku wakinunua orodha nyingine yenye jina lako hawatakuwa na kumbukumbu kwamba ulikataa. Waambie waibakize kwenye orodha ya wasiotumiwa matangazo.

5. Peleka malalamiko. Uingereza ni kwa ICO, mamlaka ya ulinzi wa data. Kenya ni kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90. Marekani ni kwa FTC, tume ya serikali inayolinda walaji, ila usitegemee watatue shauri lako peke yake: hukusanya ripoti ili kuwabana wakosaji wakubwa, na CAN-SPAM haimruhusu mlaji wa kawaida kwenda mahakamani mwenyewe.

Ambatanisha mafaili, tarehe ya kujiondoa na pingamizi lako. Ondoa risiti na taarifa za akaunti, hizo si matangazo. Tangulia na ujumbe uliofika baada ya muda wa kisheria kwisha. Huo ndio unaoonyesha kosa.