Farasi 87, siyo 109: namna ya kupima nguvu ya gari lako

Mpwa wangu alinunua Toyota IST Dar es Salaam, akalipandisha Kitonga na kufika kwangu Iringa uso umemkunjamana. "Shikamoo mjomba. Hili gari halivuti kabisa. Nimeambiwa lina farasi 109, mbona malori yananipigia honi nyuma?"

Nikafungua boneti, nikafuta vumbi kwenye kile kibati cha kiwandani, nikamwambia asome mwenyewe. Modeli NCP60. Injini 2NZ-FE, cc 1,298. Farasi 109 ni wa pacha wake, NCP61, mwenye 1NZ-FE ya cc 1,496. Kwa nje huwezi kuwatofautisha, lakini hii ya kwake hutoa 87. Muuzaji alimtajia farasi wa jirani. Kwa hiyo kabla hujalipa, soma kibati, tangazo achana nalo. Ukikuta nguvu imeandikwa kwa kilowati, zidisha kwa 1.36: kilowati 64 ni farasi 87.

Farasi mmoja wa hesabu hizi za Kijapani ni kuinua kilo 75 mita moja juu kwa sekunde moja. Chukua mtu mzima wa wastani, mpandishe ngazi kwa mwendo huo, utaelewa kwa nini farasi 87 si wachache. Tatizo ni kwamba wote 87 wanapatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Mpwa wangu anaendesha kistaarabu, mshale hauvuki 3,000, halafu anashangaa nusu ya farasi wamelala. Ndiyo maana Land Cruiser ya mkonga yenye injini ya 1HZ, cc 4,164, ina farasi kama 130 tu na bado inavuta tela bila kulalamika: nguvu yake ya kuzungusha, nyutoni mita 285, inafika kwenye mizunguko 2,200. 1NZ ya yule pacha hufikisha 141 tu, tena mpaka mizunguko ipite 4,000.

Kisha kuna mwinuko, ambao watu wa Pwani huusahau. Injini isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Iringa mjini tuko juu ya mita 1,500, basi ondoa asilimia 15. Farasi 87 wanabaki 74. Gia boksi ya otomatiki nayo inakula kama asilimia 20 kabla nguvu haijafika kwenye tairi, tukabaki na 59 hivi.

Hiyo ni hesabu ya mezani. Ya barabarani tuliifanya kesho yake asubuhi, kwenye kipande kilichonyooka, hakuna kijiji wala bango la 50. (Trafiki mwenye tochi hatakusikiliza ukimwambia unafanya utafiti.) Mmoja aendeshe, mwingine ashike simu yenye GPS, maana spidomita nyingi hudanganya kwa kuzidisha. Anza chini kidogo ya 60, kanyaga mafuta mpaka mwisho, hesabu sekunde kutoka 60 hadi 100. Fanya kwenda na kurudi, uchukue wastani, ili upepo na mteremko visikudanganye.

Halafu chukua uzito wote, gari na waliomo, gawa kwa 3, kisha gawa kwa sekunde. Sisi tulikuwa na kilo 1,150 hivi, na saa ilisema sekunde 13. 1,150 gawa kwa 3 ni 383. Gawa kwa 13, farasi 29. Ongeza kama 10 wanaopambana na upepo na msuguano wa tairi: 39. Huo ni wastani wa safari nzima ya mshale, si kilele, kwa hiyo sikutegemea 59. Lakini 39 ilikuwa chini mno.

Tuliposimama nilisogeza kiganja karibu na rimu ya nyuma kushoto, nikakirudisha haraka. Rimu ilikuwa ya moto kama kikaango, nyingine tatu vuguvugu tu. Breki ilikuwa imeng'ang'ania, kwa hiyo gari lilikuwa linatembea limeshikwa mguu tangu Dar. Kuangalia chujio la hewa, jekundu kwa vumbi. Nililigonga chini likatema nusu kikombe.

Breki ikafunguliwa, ikasafishwa, chujio jipya likawekwa. Barabara ileile, watu walewale: sekunde 10.2. Gawa 383 kwa hiyo upate kama 38, ongeza 10, farasi 48 kwenye tairi. Kwa injini ndogo iliyotembea sana, huku juu kwetu, hapo sina la kulalamikia.

Mpwa akataka turudie mara ya tatu. Nikamwambia mafuta ni yake.