Ufunge sola kwenye paa au uache? Anza na mita ya LUKU

Wengi hunipigia simu wakiwa wameshaona paneli kwa jirani, na swali la kwanza ni bei. Mimi bei naiweka mwisho. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba aliyeungwa TANESCO, Dar es Salaam au mji mwingine wa Bara. Aliye mbali na nguzo hesabu yake ni nyingine.

Hatua ya 1: Taja kero yako

Kuna anayekerwa na umeme kukatika, na kuna anayekerwa na hela ya LUKU. Hayo ni magonjwa mawili na dawa zake hazifanani.

Kama kero ni kukatika tu, huenda huhitaji paneli hata moja. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuwasha vyombo vya nyumbani) na betri inayochajiwa na umeme huohuo wa TANESCO inatosha. Taa sita za LED, tv, ruta, feni mbili na friji ndogo kwa wastani hucheza kwenye wati 300. Kwa saa tano ni uniti moja na nusu. Betri ya lithiamu ya volti 24, Ah 100, inabeba kama uniti 2.5. Na tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa mwaka 2024, mgao wa ratiba si kilio kama cha 2023. Laini na transfoma za mtaani ndizo zinazosumbua zaidi, na mara nyingi ni kwa saa chache.

Hatua ya 2: Soma risiti, kisha soma mita

Fungua ujumbe wa LUKU, ondoa kodi ya jengo kama imekatwa humo, halafu gawa hela iliyobaki kwa uniti ulizopata. Aliye kwenye tarifu ya D1, ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hupata uniti hizo zote kwa kama shilingi 9,150. Huyo namwambia wazi: paneli hazitakurudishia hela yako, labda unazitaka kwa raha zako. Wa T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, bei yake ni shilingi 292, na kodi na tozo zikiingia inafika kama 356 kwa uniti. Hapo tunaweza kuzungumza.

Sasa kazi ambayo karibu hakuna anayeifanya. Kwa wiki nzima, andika uniti zinazoonekana kwenye mita saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. (Ukiongeza umeme katikati, usisahau kuziingiza.) Utajua unakula ngapi mchana na ngapi usiku. Paneli huzalisha mchana. Nyumba ambayo wote wako kazini na shuleni, mchana inabaki friji peke yake. Ili sola ikufae inabidi uihifadhi kwenye betri kubwa, na betri ndiyo inayopandisha gharama. Anayeuza barafu na juisi nyumbani, mwenye saluni barazani, au anayefanyia kazi nyumbani na AC inawaka, huyo anautumia umeme palepale jua likiwa juu.

Hatua ya 3: Panda juu ya paa

Panda saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri. Tazama kivuli cha mwembe, cha ghorofa la jirani, na cha tenki lako mwenyewe juu ya mnara, maana hilo watu hulisahau. Kivuli kwenye kona ya paneli moja kinaweza kushusha paneli zote zilizoungwa nayo kwenye mstari mmoja. Kumbuka pia kwamba Juni jua linapita kaskazini na Desemba linapita kusini, hivyo mti usiokusumbua leo unaweza kukusumbua baadaye. Kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, upande mzuri wa paa ni unaotazama kaskazini, mteremko mdogo tu, nyuzi 10 hadi 15, mvua ipate kuosha vumbi.

Halafu ingia darini na tochi na bisibisi. Chomeka bisibisi kwenye kenchi. Ikizama kirahisi, mchwa wameshapita. Paneli ya wati 550 ina kama kilo 28, sita ni karibu kilo 170 bila reli, na upepo unazivuta kwenda juu. Bati lenye kutu badilisha kwanza, kwa sababu kushusha paneli ili kubadilisha bati ni gharama mara mbili.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Paneli sita za wati 550 kwa Dar hutoa kama uniti 11 kwa siku ya wastani. Masika hushuka, Dodoma na Singida hupanda. Ukizitumia zote, kwa ile bei ya 356 unaokoa shilingi 117,000 hivi kwa mwezi. Tuseme umepewa kotesheni ya milioni tisa: ni miaka sita na nusu kurudisha hela. Ukitumia nusu tu, ni miaka 13, na kabla ya hapo huenda umeshanunua betri au inveta nyingine. Hela ya kuuza umeme wa ziada usiiingize humu kama huna mkataba mkononi.

Hatua ya 5: Ikikubali, kagua kotesheni

Idai aina na modeli ya kila kifaa, breka za DC (umeme wa upande wa paneli na betri), athi, kinga ya radi, na garantii ya maandishi. Dukani nenda na futi. Paneli nzuri hutoa kama wati 200 hadi 230 kwa mita ya mraba. Ya wati 550 huwa na urefu wa mita 2.3 na upana wa mita 1.1. Ukikuta imebandikwa wati 400 na ukubwa wake ni mita 1 kwa mita 1.5, iache hapohapo.

Bakiza sehemu ya malipo. Siku ya kukabidhiwa, subiri giza liingie, zima swichi kuu ya TANESCO, washa friji, kisha washa pampu ya maji. Pampu ikiamka bila inveta kujizima, mlipe fundi hela yake iliyobaki.