Airisi katika bustani ya Nairobi: zisioze, zichanue

Airisi nyingi zinazopandwa Nairobi hazifi kwa kiu. Huoza. Mmea huu huishi kwa shina nene linalotambaa ardhini kama tangawizi. Shina hilo likizikwa ndani mno, au likikaa majini wakati wa masika, hulainika na kunuka, na ukivuta majani kidogo yanakuja yote mkononi.

Kwanza jua unanunua airisi ipi. Ile yenye ndevu, yaani vinyweleo kwenye petali za chini, ya maua makubwa yanayopendeza pichani, asili yake ni nchi zenye baridi kali, na aina nyingi husubiri baridi hiyo ndipo zichanue. Baridi ya Julai yetu haizitoshi. Utapata majani mazuri na ua moja moja. Anayeanza na apande airisi ya Kiafrika, Dietes. Dietes bicolor ina ua la njano hafifu lenye madoa matatu ya rangi ya damu ya mzee. Dietes grandiflora ni nyeupe na zambarau katikati. Hizo mbili zimetoka Afrika Kusini. Dietes iridioides, yenye ua dogo jeupe, humea yenyewe katika misitu ya Kenya, na ndiyo ya kuweka chini ya miti.

Pima udongo kabla ya kubeba miche. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakishanywea lijaze tena. Ikiwa baada ya saa 4 maji bado yamo, inua tuta la sentimita 25 hadi 30. Udongo mwekundu wa upande wa Karen kwa kawaida hupita mtihani huu. Ule mweusi unaonata wa Embakasi hushindwa karibu kila mara. Kosa linalorudiwa sana ni kuchimba shimo katika udongo mweusi na kulijaza udongo mwekundu. Hapo umetengeneza beseni: maji ya pande zote yataingia humo na kutuama.

Changanya nusu ndoo ya samadi iliyooza vizuri kwa kila mita moja ya mraba, yaani lita 10 hivi. Samadi mbichi huunguza mizizi, na mbolea nyingi ya naitrojeni huleta majani laini bila maua.

Panda Dietes mvua zinapoanza, mwishoni mwa Machi au Oktoba, ukiacha sentimita 50 kati ya mche na mche. Shina lifunikwe kwa udongo kidogo tu, kama sentimita 2. Airisi yenye ndevu ni kinyume: tengeneza kijituta ndani ya shimo, kalisha shina juu yake, tandaza mizizi pande zote, kisha fukia mizizi peke yake. Mgongo wa shina uote jua. Ipande mvua zikipungua, na usiirundikie nyasi za matandazo.

Kwa wiki 6 za kwanza mwagilia mara mbili kwa wiki, kwenye udongo na si juu ya majani. Baadaye, Januari na Februari, mara moja kwa wiki yatosha Dietes, na hata mgao wa maji ukichelewa itavumilia. Maji ya kusuuzia mboga yanafaa kabisa.

Isipochanua, angalia jua kwanza: bicolor na grandiflora zinataka saa 6 kwa siku. Kisha angalia msongamano. Kila baada ya miaka 3 au 4 ng'oa kichaka kwa jembe uma, kigawe kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na majani na mizizi yake, punguza majani hadi sentimita 15, upande upya. Vaa glavu, kwa kuwa utomvu huwasha ngozi, na usiache vipande mahali mbwa anaweza kuvitafuna. Ni sumu kwake.

Ukikuta uozo, kata hadi ufikie nyama nyeupe ngumu, acha kidonda kikauke kivulini siku 2, kisha panda mahali pengine. Kisu kichovye kwenye jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji, kila baada ya kukata. Konokono na koa waokote usiku kwa tochi baada ya mvua.

Agapanthasi hukaa vizuri kando ya airisi, kwa nafasi ya sentimita 40. Ua la kana linapenda maji mengi, kwa hiyo lipeleke bondeni, penye unyevu.

Na mkasi uwe na subira. Ua moja la bicolor hudumu siku moja tu, nalo huondolewa likinyauka. Lakini bua la grandiflora na la iridioides hutoa maua tena na tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Likiwa bado la kijani, liache. Likikauka hadi chini ndipo ulikate.