Deni likikunyima usingizi uanzie wapi (kwa sie tulokaushwa damu)

Wote tunajua dawa ya deni kulipa, sikatai, ila kuna kitu hakisemwi: deni likizidi, kile kichwa cha kutafutia hela ya kulipa ndo kinachoharibika. Nimepita huko ndo maana naandika.

Nilikopa laki 3 kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa unayorejesha kila siku, mtaji wa samaki, hapa Tanga, nachukua Deep Sea nauza Makorora. Marejesho elfu 13 kila siku kwa siku 30, piga hesabu hapo ni 390,000. Bahari ikachafuka samaki hakuna, nikakopa kwenye simu nilipe kausha damu, nikakopa dukani tule, hela ya mchezo wa kupeana ikalipa simu. Ikawa saa tisa usiku macho makavu, namba ngeni ikipiga moyo unanienda mbio, wali unaungua na mimi nimekaa pale pale jikoni, watoto nawafokea bila kosa. Nilidhani nimerogwa.

Sio kurogwa na wala sio uzembe. Kuna utafiti ulitoka 2013 kule India, wakulima wa miwa walipewa majaribio ya akili kabla ya kuvuna wakiwa hawana kitu, wakapewa tena baada ya kuvuna wakiwa na hela. Watu ni wale wale, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Kwahiyo ukijiona unasahau sahau na unaamua mambo ya ajabu, jua kichwa kimejaa.

Basi anza na daftari. Andika asubuhi ukishakunywa chai, usiku usiliguse maana usiku kila deni linakuwa mlima. Andika unadaiwa na nani, shilingi ngapi, mwisho lini, hata la mwenye duka na la shoga yako wa elfu 5. Mimi mkono ulikuwa unatetemeka, nilidhani yatafika milioni, yalikuwa 640,000, na siku ile ndo nilikula nikashiba.

Alafu tafuta mtu mmoja umwambie, mmoja tu. Najua wengi tumekopa mume hajui. Sikulazimishi uanze na yeye kama unajua patawaka moto, anza na asiyefoka, dada, mama mdogo, somo yako. Humwambii akulipie, unamwambia ili usibaki na hilo jambo peke yako.

Kwenye kulipa, maliza vidogo kwanza. Wapo watakaokwambia anza na lenye riba kubwa, kihesabu wako sahihi, lakini utafiti wa Singapore wa 2019 ulikuta kinachomtuliza mtu ni idadi ya madeni kupungua, kila deni linalofutika kabisa linaondoa wasiwasi na kichwa kinafanya kazi vizuri. Mimi nilianza na duka, 18,000, nikaacha kuzunguka njia ya nyuma kwenda kisimani.

Kwa mkopeshaji nenda kabla hajaja, usizime simu. Nenda na shahidi, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, useme hivi: "Kaka deni nalitambua, elfu 13 siiwezi, elfu 5 kwa siku naiweza mpaka liishe, naomba tuandikishane." Usiahidi usichoweza eti uondokewe na aibu ya siku hiyo, hapo ndo tunapojiponza. Na ujue haki yako, mkopeshaji binafsi anatakiwa awe na leseni na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa laki 3 ni 10,500, mimi nilitozwa 90,000. Hizi za kwenye simu ndo balaa zaidi, wanawatumia meseji mpaka wakwe zako, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni. Kabla hujabonyeza kubali, angalia kama wana leseni. Na tafadhali usikope kulipa mkopo, hata kama ni siku moja tu imebaki.

Sasa kama wiki mbili zinapita hulali, huli, hutaki kuonana na watu, nenda kituo cha afya au hospitali, kwa sie wa Tanga ni Bombo, useme wazi kuwa ni akili imechoka, sio "kichwa kinauma" upewe panadol urudi. Watu wakisikia afya ya akili wanawaza hospitali ya Mirembe na minyororo, hapana, unakaa na mtu mnaongea, ikibidi unapewa dawa. Ukianza kuwaza bora nife, hiyo usiisubirishe hata mpaka kesho, mwite mtu akupeleke sasa hivi na asikuache peke yako.

Na wewe usiyedaiwa, ukiona mwenzio kazima simu siku mbili na genge kafunga, mfuate kwake. Usimuulize anadaiwa kiasi gani. Muulize kama amelala.