Damu kwenye mkojo: namna ya kupeleka sampuli ili saratani ya kibofu isipite

Damu kwenye mkojo isiyoambatana na maumivu, hata ikitoka mara moja ikakoma, ni sababu tosha ya kibofu kuchunguzwa. Kisumu na vijiji vya kandokando ya ziwa, watu wengi huiita kichocho, wakameza dawa na kungoja. Lakini kichocho cha Ziwa Victoria kwa sehemu kubwa ni kile cha matumbo, na mayai yake hutoka na choo kikubwa. Kile cha kibofu, ambacho kweli huleta saratani, kimeenea zaidi Pwani na kando ya Mto Tana. Mwambie daktari ulikulia wapi na uliogelea maji gani. Ukiandikiwa antibiotiki, omba mkojo uoteshwe kwanza maabara, ionekane kama kweli una bakteria. Damu ikirudi baada ya dozi, dai rufaa.

Mkojo wa kutafuta seli za saratani usiwe ule wa kwanza wa alfajiri, kwa kuwa seli zimelala kibofuni usiku kucha zikaharibika. Ukishakojoa, kunywa glasi mbili za maji, tembea kidogo, kisha toa unaofuata: mililita 50 au zaidi, katika chupa safi inayofunga vizuri. Ufike maabara ndani ya saa moja au mbili. Ikishindikana, uweke kwenye friji, wala si friza, maana barafu hupasua seli. Mkojo wa kutafuta mayai ya kichocho una saa zake: saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, pamoja na matone ya mwisho.

Fomu inayoandamana na sampuli ijazwe kikamilifu: sigara, mawe ya figo au kibofu, mpira wa mkojo, figo ya kupandikizwa, dawa za kushusha kinga. Virusi vya BK huwaingia wengi utotoni na kujificha kwenye figo. Kinga ikishuka huamka, na seli vilizoziingia hufanana mno na za saratani chini ya darubini. Mpatholojia, yaani daktari anayesoma seli hizo, asipoambiwa anaweza kupotoka.

Mwili hupigana na virusi kwa vimeng'enya viitwavyo APOBEC, vinavyoharibu DNA ya adui. Wakati mwingine huigeukia DNA yetu, na alama zao ni nyingi katika saratani ya kibofu. Hata hivyo, kisababishi kikuu kinachojulikana ni tumbaku.

Jibu la "hakuna seli za saratani" lisikutulize. Uvimbe wa daraja la chini, yaani usio mkali, hutoa seli zinazofanana na za kawaida, kwa hiyo kibofu lazima kitazamwe kwa kamera.

Kipande cha uvimbe kikikatwa kibofuni ili kipimwe, mara nyingi jamaa ndiye hukabidhiwa chupa aipeleke maabara. Hakikisha kimo ndani ya fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili) ya asilimia 10 iliyotiwa bafa, kitu cha kuzuia asidi, ujazo wake mara kumi ya kipande, na kisikae humo zaidi ya saa 72. Fomalini yenye asidi, au kukawia, huvunja DNA na kugeuza herufi C ya DNA isomeke T, badiliko la aina ile ile inayoachwa na APOBEC. Hapo kipimo cha jeni hutoa mabadiliko ambayo mgonjwa hana. Muulize daktari kama msuli wa kibofu umo katika kipande. Bila msuli, haijulikani saratani imezama kiasi gani.

Bloku ya nta, ambamo maabara hugandisha kipande chako, itunzwe. Badiliko la jeni ya FGFR3, la kawaida katika uvimbe usiozama, lina dawa yake, erdafitinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa saratani iliyosambaa. Jeni nyingine, TP53, huharibika zaidi katika saratani kali. Ukihamishiwa Nakuru au Eldoret, beba nakala ya ripoti yenye nambari ya bloku, kwa sababu maabara huitafuta kwa nambari hiyo.