Kuunganisha Boti na Umeme wa Gatini

Kazi hii ni ya dakika chache, lakini hufanyika juu ya maji na mara nyingi kwa mikono yenye unyevu. Ndiyo maana nashikilia kanuni moja: plagi ichomekwe au ichomolewe wakati hakuna umeme unaopita.

Hatua ya 1. Linganisha volti na ampea za kisanduku cha umeme cha gatini na zile za boti yako. Ulaya utakuta sana soketi za volti 230 na ampea 16, na Marekani volti 120 na ampea 30. Zote hutoa takriban wati 3,600, ambazo hita ya maji na jiko la umeme vikiwashwa pamoja vinaweza kuzimaliza.

Hatua ya 2. Zima vifaa vyote botini, kisha swichi kuu ya boti, kisha breka (swichi ya kukata umeme) ya gatini.

Hatua ya 3. Kagua kebo yote, na hapa usiwe na haraka. Elekeza plagi kwenye mwanga utazame pini moja moja. Ukiona rangi ya kahawia kwenye plastiki inayoizunguka pini, hiyo ni alama ya joto: pini iliyolegea au kushika kutu hupitisha umeme kwa taabu, hupata moto, na moto huo huzidi kuilegeza. Plagi ya namna hiyo haipigwi msasa ikarudishwa kazini. Hubadilishwa pamoja na soketi yake, kwa kuwa iliyoungua huiunguza mwenzake.

Hatua ya 4. Chomeka kwanza upande wa boti, kisha gatini, ili usijikute umeshika ncha yenye umeme inayoweza kukuponyoka ikaangukia majini. Zungusha plagi hadi ijifunge, au kaza pete yake kama inayo. Ilegeze kebo kiasi cha kufuata maji yanapojaa na kupwa, bila kuzama wala kubanwa kati ya boti na gati.

Hatua ya 5. Washa breka ya gatini, kisha tazama kwenye paneli ya boti taa ya tahadhari ya nyaya zilizopishana. Ikiwaka, waya wa moto (unaoleta umeme) na wa nyutro (unaourudisha) zimebadilishana nafasi. Zima, chomoa, umwite fundi. Isipowaka, washa swichi kuu, halafu vifaa kimoja kimoja. Baada ya nusu saa gusa plagi zote mbili kwa nje, na ikiwapo yenye moto, zima.

Usikate kamwe waya wa ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme wa hitilafu) kwa nia ya kuokoa zinki zisiliwe, yaani vipande vya zinki vinavyofungwa botini ili viliwe na kutu badala ya metali nyingine. Hitilafu ikitokea, umeme utatafuta njia majini, na takriban miliampea 10 tu zinaweza kukaza misuli ya mwogeleaji hadi azame, hasa kwenye maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo mtu yeyote asiogelee karibu na gati lenye umeme.

Unapoondoka, zima vifaa, swichi kuu na breka, kisha chomoa gatini kwanza na botini mwisho.