Somo: Kuunganisha kamera tatu kwenye mikisa moja, sauti isitangulie picha

Wakuu, kwenye ibada na harusi nyingi za mubashara neno linasikika kabla mdomo haujafunguka. Watu hukimbilia kununua mikisa (kifaa cha kupokea picha za kamera na kuchagua ipi irushwe) kubwa zaidi, wakati tiba mara nyingi ipo kwenye menyu walizonazo tayari. Natumia mfano wa ATEM Mini ya Blackmagic, ile yenye matundu manne ya kuingiza HDMI (waya wa picha na sauti) iliyotoka 2019.

Hatua ya 1. Kamera zote ziwe 1080p na kasi moja. Tanzania na Kenya umeme ni wa hezi 50, hivyo weka mfumo wa PAL, fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata (muda kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) sekunde 1/50. Kamera moja ikibaki NTSC (mfumo wa karibu fremu 30) mikisa itaigeuza, ila mwendo utadundadunda. Shata isiyoendana na umeme nayo huleta mistari inayotembea chini ya taa za ukumbi. Kamera ya kuazima ikague mara mbili.

Hatua ya 2. Ondoa alama za betri na menyu kwenye picha inayotoka HDMI. Waya wa HDMI ukizidi meta 10 huanza kusumbua. Kwa kamera ya mbali tumia konveta (kigeuzi) na waya wa SDI, unaofika mbali zaidi.

Hatua ya 3. Chomeka kamera kuu kwanza. Mikisa hii, ikiachwa ijipange yenyewe, hufuata kasi ya kamera ya kwanza kuchomekwa.

Hatua ya 4, na hapa tulieni. Kamera hizi hazianzi fremu kwa pamoja. Vituo vya televisheni huzipa kamera zote mapigo ya saa moja, yaani jenloki. Mikisa yetu haina hilo, kwa hiyo inashikilia kila picha kwenye kumbukumbu hadi zamu yake ifike. Juu ya hapo kuna muda ambao kamera yenyewe inatumia kuchakata picha. Sauti kutoka kwa fundi muziki haisubiri chochote, inafika papo hapo. Basi icheleweshe: piga kofi mbele ya kamera kuu, rekodi kwenye kompyuta kupitia USB, kisha hesabu fremu kati ya sauti na viganja kukutana. Kwa kasi ya 25, fremu moja ni milisekunde 40. Weka idadi hiyo ya fremu kwenye mpangilio wa sauti wa programu ya ATEM, upige kofi tena. Kamera zikitofautiana, fuata inayomchukua msemaji kwa karibu, maana hapo ndipo mtazamaji anaona midomo.

MASWALI

Mkuu, nikichomeka king'amuzi picha inakuwa nyeusi. Mikisa imeharibika?
Hapana, ndugu. King'amuzi hutoa picha iliyofungwa kwa HDCP (kinga ya kuzuia kunakili), na mikisa haipokei picha ya namna hiyo. Kamera zako haziko hivyo.

Simu inaweza kuwa kamera ya tatu?
Inaweza, kama tundu lake linatoa video. Simu nyingi za bei nafuu hazitoi. Ipe picha pana ya ukumbi, isiyo na mwendo mwingi.

Kaka, mimi sina mikisa. Kamera zangu tatu zinarekodi kwenye kadi tu.
Washa sauti kwenye kila kamera, piga kofi moja zote zikiwa zinarekodi, na usizizime katikati. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, itazipanga kwa mawimbi ya sauti. Kwenye ibada ndefu angalia na mwisho wake, kwa kuwa saa za kamera huachana kidogo kidogo. Ukiona hivyo, kata kipande na ukisogeze kwa fremu.